Jina Langu Kwenye Tairi la Mjomba

Siku moja nilipiga magoti kuombea matairi, nikafumbua macho kabla watu hawajaitikia "Amina", nikasoma jina langu.

Si jina linalofanana na langu. Langu lenyewe. KALOKI 98, limechongwa ndani ya mfereji wa tairi ambalo, kwa maneno ya aliyeliuza, lilishuka melini juzi tu kutoka Japani.

Mimi sijawahi kufika Japani. Wakati ule hata Nairobi nilikuwa nimefika mara moja tu, na nilitapika njia nzima.

Kaeni vizuri niwaeleze. Ni kisa cha kweli na kinaniuma hadi leo, ingawa kuna mahali mtacheka. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, kabla sijajua.

Ilikuwa Aprili 1998. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni kule milimani Taita, nimekuja likizo Ukunda, pwani ya kusini, kwa Mjomba Mbithi, kaka yake marehemu mama. Yeye na mkewe, Anti Kamene, ndio walionilea.

Sifa yangu pale nyumbani haikuwa nzuri.

Likizo ya Desemba nilikuwa nimeandika barua ya serikali. Nilijiundia ofisi, nikajichongea muhuri kwa kiazi, nikatangaza kwamba kuku wote wa Ukunda watakaguliwa Jumatatu saa tatu na lazima wawe safi. Anti Kamene aliogesha kuku kumi na mmoja kwa sabuni ya mche. Majirani wawili nao wakaogesha wa kwao. Jogoo mmoja hakurudi kuwa sawa. Akiona karai tu, anakwenda kujificha jikoni.

Tangu siku hiyo Mjomba alikuwa na msemo wake. "Kaloki, wewe hata ukija mbio kuniambia nyumba inaungua, mimi nitaweka kwanza mkono ukutani."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini neno lile lilinikaa.

Kwa hiyo likizo ile nilitaka kitu kimoja tu: Mjomba aniamini. Hata kwa jambo dogo. Hata anitume dukani bila kumtuma mtu mwingine nyuma yangu.

Sasa, Mjomba alikuwa karani wa ofisi ya ardhi Kwale. Na alikuwa na Celica.

Nyekundu. Milango miwili. Taa zimejificha kwenye boneti. Ukibonyeza, zinaamka kama macho ya chura. Lilikuwa gari la meneja Mzungu wa hoteli moja ya Diani. Baada ya fujo za Agosti 1997 wageni walikauka, hoteli ikafungwa, Mzungu akarudi kwao, na Mjomba akalichukua kwa bei ya kutupa.

Fujo zenyewe sitazieleza. Aliyekuwepo anajua. Nitasema tu kwamba sisi watu wa bara tulikuwa tunafukuzwa, na aliyetutoa Ukunda ni Issa, mwenzake Mjomba wa ofisini. Alitupakia kwenye Carina yake kuukuu akatupeleka kwa mama yake kule Jego, karibu na Vanga. Tulikaa wiki tatu. Mama yake, Bi Mwanaima, alimpa Anti Kamene kitanda chake, yeye akalala chini. Mtu akija kuuliza wale wageni ni nani, alijibu, "Ni wanangu," akaendelea kukuna nazi.

Tuliporudi, Mjomba na Issa wakawa hawaachani. Kila asubuhi Celica ilitoka Ukunda, ikapita Kombani, ikapanda mlima hadi Kwale. Mjomba kwenye usukani, Issa kando yake, na makarani wawili wa kike wamekunjwa kiti cha nyuma kama mashuka. Carina ya Issa ilipumzika hadi Ijumaa, siku ya kushuka kazini mapema na kwenda Jego kumtazama mama.

Ubaya wa Celica ulikuwa chini. Matairi yalikuwa vipara. Vipara hasa, vya kujitazamia.

Na masika yalikuwa yameanza.

Jumanne moja, kwenye kona ya chini ya Kwale, lami imelowa, gari lilikwenda lilikotaka lenyewe. Likazunguka nusu, likasimama limeelekea walikotoka.

"Nilisoma dua mara mbili," Issa alitusimulia jioni. "Ya pili nilimsomea mjomba wako, maana yeye mikono ilikuwa na kazi."

Anti Kamene hakucheka. "Mbithi, mlima ule hupandi tena na matairi haya."

Basi kukaitishwa baraza la matairi, mezani kwetu, juu ya chai na mahamri.

Yule Mzungu alikuwa ameacha gazeti la magari ndani ya gari. Mjomba alinipa nitafsiri, maana Kiingereza cha magari kilimshinda. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa kazi yoyote ya maana. Nilikalia kiti kama hakimu.

"Hapo wanasemaje kuhusu upana?"

Nikakohoa. "Wanasema tairi pana hushika vizuri lami kavu, gari likikata kona halilewi. Lakini kwenye maji, kinachookoa ni mifereji. Maji yapate pa kukimbilia. Mifereji ikiisha, gari linaelea."

"Linaelea?" Issa akamgeukia Mjomba. "Basi Jumanne tulikuwa kwenye ngalawa."

"Na yale ya dukani Mombasa?" Anti Kamene akauliza. "Yale ya kawaida. Membamba, lakini mapya."

Mjomba alikunja uso. "Kamene, gari la spotsi kulivalisha tairi jembamba ni kumvalisha bwana harusi ndara."

"Bwana harusi wako anakwenda kazini kila siku, ndugu yangu," Issa akasema. "Haendi fungate. Mnunulie viatu vya kazi."

Mimi pia nilikuwa upande wa Issa, na nikasema hivyo. Mtu anayepanda na kushuka mlima ule kila siku ya Mungu, kwenye mvua, amebeba roho za watu, anahitaji mifereji mirefu, si urembo.

Lakini Mjomba alikuwa ameshaonja kutazamwa. Watoto wa Kombani walikuwa wakikimbia pembeni ya barabara kupungia gari lake. Mtu akishapungiwa mkono na watoto kila asubuhi, huwezi kumwambia habari za tairi jembamba. Na yale ya spotsi mapya, bei yake ilimfanya acheke peke yake.

"Nitakwenda kwa Ndulu," akasema mwishowe. "Analeta ya Japani, yaliyotumika kidogo tu. Ndulu ni ndugu yetu. Hawezi kunidanganya."

Anti Kamene akamimina chai. Issa akachukua hamri jingine.

Mimi nikanyamaza, na mtu anayenijua angeshtuka kuniona nimenyamaza.

Nilikuwa na sababu. Tangu likizo ianze nilikuwa namfanyia Ndulu kazi kwa siri.

Ndulu alitoka kijiji kimoja na Mjomba kule Makueni. Kanisani aliimba besi. Akifungua mdomo, madirisha yanaitikia. Alikuwa na kibanda cha matairi ya mtumba karibu na njia panda ya Ukunda. Nyuma ya kibanda, pamezibwa na mabati, kulikuwa na kazi nyingine.

Kuchonga.

Tairi likiwa kipara, unachukua chuma chembamba kilichopindwa ncha, unakitia kwenye makaa hadi kiwe chekundu, unakitembeza juu ya mpira. Mpira unayeyuka, mfereji mpya unazaliwa. Kisha unapaka rangi ya viatu, na tairi linang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Asiyejua anaona tairi jipya. Anayejua anaona kipara kilichopunguzwa hata kile kidogo kilichobaki. Chini ya mfereji ule ni nyuzi tu, na baada ya nyuzi ni upepo.

"Buda, hii si ya magari," Ndulu aliniambia siku ya kwanza. "Hii ni ya mikokoteni ya maji. Mkokoteni hauendi mbio. Lakini tope ikikuja inataka meno. Si ndio?"

"Ndio."

"Na usiambie mjomba wako. Atasema nakutumia vibaya. Hii ni siri ya wanaume."

Mikokoteni ya maji ilikuwa na matairi ya kuchonga kweli. Niliiona kila siku ikipita. Nikaamini. Malipo yalikuwa sambusa na soda, na kuitwa fundi. Ukunda nzima hapakuwa na mtu aliyeniita fundi wa kitu chochote, isipokuwa wa uongo.

Nilikuwa na mkono mzuri, nisijisifu bure. Na kwa kuwa siwezi kuachiwa chuma cha moto bila kufanya upuuzi, kila tairi nililomaliza nilitia sahihi ndani ya mfereji wa pembeni, herufi ndogo kama punje za mchele. KALOKI 98. Nilifurahi kuwaza kwamba mikokoteni yote ya mji inazunguka na jina langu na hakuna anayejua.

Jumamosi alasiri Celica iliingia uani imevaa matairi mapya. Mapana. Meusi tii. Hata mimi nilisahau gazeti.

Ndulu mwenyewe alikuja nalo, mikono ameitandaza. "Tazama hii kitu! Imetoka Japani juzi. Haijakanyaga lami ya Kenya hata siku moja!"

Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Anti Kamene aliwahi kuombea friji, na friji lile halikuwahi kuharibika, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Mchungaji akaitwa. Majirani wakaja. Issa naye alikuwepo. Alisimama kando kwa adabu, viganja juu, tayari kuitikia.

Mchungaji akasema tupige magoti, kila mtu aguse tairi lililo karibu naye. Mimi nikapata la nyuma kushoto.

"Bwana," akaanza, "wewe uliyeigawa bahari, ugawe maji ya mlima wa Kwale mbele ya matairi haya..."

Mimi maombi yakizidi dakika moja macho hufumbuka yenyewe. Pua yangu ilikuwa karibu na mpira. Kulikuwa na harufu ya rangi ya viatu.

Nikasoma jina langu.

"Amina," watu wakasema.

"Amin," akasema Issa.

Ndulu alikuwa amepiga magoti kwenye tairi la mbele. Alifumbua macho, tukatazamana, akajua nimejua.

Akanikonyeza.

Nimeona mambo mabaya maishani, lakini konyezo lile ni la kipekee. Alinikonyeza kama mwenzake.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nikisema, najitaja mwenyewe: mimi ndiye niliyeyachonga, kwa siri, kwa sambusa. Mjomba hataniamini tena hata nikisema leo ni Jumatatu. Nikinyamaza, Jumatatu hiyo hiyo watu wanne wanapanda mlima juu ya nyuzi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mvua ilikuwa inamwagika. Nilimkuta Mjomba anapangusa kioo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Usiende na gari hili."

Hakugeuka. "Kwa nini, kuku wanakaguliwa leo?"

"Matairi haya ni ya kuchonga. Nimeyachonga mimi. Kwa Ndulu."

Alianza kucheka. Kisha akaona mimi sicheki, na hilo hakuwahi kuliona. Nikamvuta mkono, nikachuchumaa kwenye tairi la nyuma, nikakwangua rangi kwa njiti ya kiberiti.

"Soma."

Akasoma. Akazunguka, akasoma la pili, la tatu, la nne. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni na hakujifuta.

Nilijiandaa kwa kofi.

Aliniwekea mkono begani. "Umeniokoa," akasema. "Na si mimi peke yangu. Leo umekuwa mtu mzima, Kaloki."

Nilikuwa nimelowa chepechepe na sikusikia baridi.

"Lakini usimwambie mtu," akaongeza. "Hata Anti yako. Nitamalizana na Ndulu mwenyewe. Mambo ya ndugu hayatolewi nje."

"Ndiyo, Mjomba."

Ningenyamaza hadi kiama.

Siku hiyo alimwambia Issa kwamba betri imelala, wakapanda gari la abiria. Alhamisi Celica ilikuwa na matairi mapya ya dukani, ya kawaida, membamba. Watoto wa Kombani nadhani walisikitika.

"Na yale, Mjomba?"

"Nimeyachoma moto." Alinitazama machoni aliposema.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Mjomba alinituma posta peke yangu. Alinipa ufunguo nipashe injini moto kila asubuhi. Mbele ya wageni alisema, "Muulizeni Kaloki, yeye anajua magari." Nilianza hata kutembea polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyesoma.

Kisha ikaja Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Anti Kamene alinipa furushi, kanga na kilo mbili za sukari, nimpelekee Issa ampelekee mama yake. Nilimkuta nje ya msikiti, amevaa kanzu, anafunga mlango wa Carina. Manyunyu yalikuwa yanaanguka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Ah, Kamene hamsahau mama! Mungu amjalie." Akaliweka furushi kitini. "Tukitoka kuswali nampitia mke wangu Biasha na watoto, moja kwa moja Jego. Mama hajisikii vizuri, nataka nimlete hospitali Msambweni. Barabara leo imeharibika, lakini alhamdulillahi, nina matairi."

Akalipiga tairi kwa teke dogo la upendo.

Pana. Jeusi tii.

"Mjomba wako ni ndugu, wallahi," akasema. "Ameniambia, 'Issa, haya ya spotsi hayafai mlima wangu, hata Kaloki alisoma kwenye gazeti. Wewe unakwenda pole, chukua kwa bei ya ndugu.' Na ni matairi ambayo niliitikia Amin mwenyewe!"

Akacheka, akaingia kuswali.

Nilichuchumaa. Labda ni mengine, nilijiambia. Dunia ina matairi mengi mapana. Nikatafuta jina langu.

Halikuwepo.

Mahali pake palikuwa na mkato. Kipande cha mpira kimeondolewa kwa wembe, taratibu, kwa uangalifu wa karani, urefu sawasawa na jina langu. Nikazunguka. La pili, vivyo hivyo. La tatu. La nne.

Nikakaa chini, kwenye maji.

Ndulu alinidanganya, ndiyo. Lakini Ndulu hakuwahi kuniwekea mkono begani. Nilifikiria Mjomba amepiga magoti mahali fulani na wembe, akinifuta mara nne, na kila akimaliza tairi moja alikuwa na nafasi ya kuacha.

Nilikuwa na muda wa sala moja.

Nikimweleza Issa, ushahidi sina, ulikuwa umekatwa. Na mimi ni mtu wa kuku. Nikitoa upepo, atajaza upepo.

Ng'ambo ya barabara Kalama alikuwa anauza madafu.

"Kalama, nisaidie kisu."

"Cha nini?"

"Nikate kamba."

Akanipa.

Ubavu wa tairi ni mlaini kuliko mtu anavyodhani. La kwanza lilipiga kelele kama mtu aliyetukanwa. La nne lilipokata roho, Carina ilikuwa imekaa chini kama bibi aliyechoka.

Sikukimbia. Ningekimbia, wangesema ni vitundu vya uhuni tu, wangeviziba, na safari ingeendelea. Nilisimama pale na kisu mkononi hadi watu wakatoka.

Mtu wa kwanza alinikamata ukosi. Wa pili akaninyang'anya kisu. Issa akapenya katikati yao, akatazama gari lake, akanitazama.

"Kaloki, mwanangu. Nimekukosea nini?"

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Nikaeleza yote. Chuma cha moto, Ndulu, jina, wembe. Nilisema kwa haraka, nikijikanyaga, na nilijisikia mwenyewe jinsi yalivyofanana na uongo.

"Si ndiye huyu wa kuku?" mtu akauliza.

"Ndiye! Leo amekagua matairi!"

Kicheko kikazunguka. Mimi ndiye niliyewafundisha kicheko kile.

"Mwiteni Mbithi," Issa akasema.

Mjomba alikuja na Celica. Alishuka, akaona Carina imekaa chini, akaniona mimi, na nikaona uso wake unaelewa. Hakuhitaji kuambiwa.

Issa alimshika mkono kwanza, akamsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani, yote kwa utaratibu, watu wamesimama kwenye manyunyu. Ndipo akasema, "Ndugu yangu, mtoto ametamka maneno. Amesema matairi yalikuwa ya kuchonga, na wewe ulijua. Mimi sitaki kushika maneno ya mtoto. Sema wewe neno moja, nami nitalishika hilo hilo."

Mjomba akanitazama.

Wallahi niliamini atasema. Nilikuwa tayari hata kumsamehe, nilikuwa nimeshaanza.

"Issa," akasema, "huyu unamjua. Tangu lini akasema kweli?"

Kisha akanipiga kofi. Halikuwa kali. Lilikuwa kofi la mtu anayefanya kwa sababu watu wanatazama.

Watu wakaridhika. Wakaanza kutawanyika, wengine wanamwonea huruma Mjomba wangu kwa mzigo aliobebeshwa.

Issa hakuondoka. Alikunja kanzu, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Tairi lisilo na upepo hujikunja chini ya gari, na lile lilikuwa limejikunja hadi mifereji imefunguka kama midomo. Ndani ya kila mdomo nyuzi zilikuwa zinachungulia. Akazigusa. Akasogeza kidole hadi kwenye ule mkato wa wembe, akakiacha hapo kidogo.

Akainuka, akajipangusa mikono kwa leso.

"Mbithi," akasema, "mama anakusalimu sana."

Mjomba akaishika tai yake. "Mwambie... mwambie nashukuru."

"Nitamwambia."

Akachukua furushi la Anti Kamene kwenye kiti, akaliweka kwapani, akaenda kutafuta gari la kumfikisha Jego.

Jumapili nilirudishwa shule, siku mbili kabla ya wakati. Mjomba alinipeleka mwenyewe hadi Likoni. Tulipoingia kwenye foleni ya feri alizima injini, akakaa anatazama wipa.

"Issa haendeshi kwa kasi," akasema. "Gari lake ni la pole. Lisingetokea neno."

Nikashika mpini wa sanduku langu.

"Ndulu alikataa kuyachukua anirudishie pesa. Ningefanyaje?"

Akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja.

"Hata hivyo, ungekuja kwangu, Kaloki. Hukupaswa kwenda mbele za watu. Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilikuambia wewe kwanza, Mjomba."

Feri ikafungua mlango. Nikachukua sanduku langu, nikashuka kwa miguu.

Barua ya Anti Kamene ilinifikia mwezi uliofuata. Bi Mwanaima alifika hospitali na akapata nafuu. Ndulu bado anaimba besi. Issa yuko ofisi ile ile, meza ile ile, na kila asubuhi humsalimia Mjomba kwa heshima zote, humuuliza habari za nyumbani, husubiri jibu. Lakini mlima anaupanda kwa gari la abiria, na Celica inakwenda na kiti kitupu mbele. Anti aliandika kwamba hajui kuna nini kati yao. Sikumwambia. Mambo ya ndugu hayatolewi nje.

Leo nimeyatoa.

Funzo? Mkinunua tairi, ingizeni kidole ndani ya mfereji na mlinuse kabla ya kuliombea. Hilo ni la bure.

La pili limenigharimu. Mimi nimedanganya watu utoto wangu wote, na uongo wangu ulipofichuka, aliyeaibika nilikuwa mimi. Mjomba alidanganya mbele za watu mara moja tu, akiwa amevaa tai, akaaibika mwingine. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia fulani ni mwongo na fulani ni mkweli, sihesabu maneno yao. Nauliza tu: uongo wake ukija kudaiwa, anamsukuma nani mbele alipe?